Maneno ya pumzi moja

Haya ndo niliyoongea Jumamosi jioni hapa Bagamoyo siku darasa letu la Kiingereza cha jioni lilipofunga muhula, watu wengi wameniomba niwaandikie kwa sababu upepo wa baharini ulikuwa unakula maneno na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nimeandika kama nilivyosema, pale nilipokumbuka zaidi nimeongeza kidogo.

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu mliofunga meza za samaki mapema mkaja kukaa na sisi, najua jioni ndo saa yenu ya biashara na nawashukuru sana kwa hilo. Wadogo zangu wa bodaboda, wa bajaji, mnaotembeza wageni, mnaochonga, mnaotandika vitanda mahotelini, na nyie wa fomu foo mliokuja na sare kabisa, mambo vipi. Karibuni, sogeeni, hapa mbele mikeka bado ipo.

Leo nataka kuongelea maneno madogo. Madogo kweli kweli, yale ya Kiingereza ambayo mdomo unafunguka mara moja tu na neno limeshaisha. Go. Come. Hand. Boat. Fish. Vitabu vinaita silabi moja, mi nawaambiaga wanafunzi wangu maneno ya pumzi moja. Na nitaanza na mlango.

Mnayajua majumba ya zamani kule Mji Mkongwe, mlango wa nje mkubwa una nakshi, lakini ukishaingia ndani kuna vimilango vya katikati vifupi mpaka mtu mrefu lazima ainame. Miaka hiyo nimemaliza fomu foo juzijuzi, Kiingereza kwenye cheti nina C, nikapata kibarua cha kutembeza wageni. Siku hiyo nina mzee mmoja na mkewe, mzee mrefu, anaangalia juu anasifia boriti, anatembea huku anaongea na mi naona kabisa kichwa chake kinaenda kwenye kizingiti cha juu. Nikaanza kutunga sentensi, nikaitoa kama nilivyofundishwa: "Excuse me sir, please be careful because the door is..." Sikufika kwenye low, yaani mfupi. Mzee alishagonga paji la uso, damu ikamshukia mpaka kwenye nyusi.

Tukamkalisha barazani, nikaleta maji, nikachana kipande cha kanga yangu tukamfunga. Mkewe hakunigombeza, alinishika bega akaniambia taratibu kwamba siku nyingine we piga kelele tu, "duck!" Duck. Neno hilo nalijua toka niko mdogo, ni bata, kitabuni lilikuwa na picha yake kabisa, bata na vifaranga nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba duck ni inama haraka. Yaani mtu kaumia mbele yangu kwa kukosa neno la herufi nne ambalo nilikuwa nalo mdomoni miaka yote. Tangu siku ile sijaacha kuyawaza haya maneno, na kwa kweli ndo sababu nikaanzisha hili darasa.

Sasa tupige makofi kidogo, kila silabi kofi moja. Hesabu kwa Kiswahili. Mo-ja. Mbi-li. Ta-tu. N-ne. Ta-no. Si-ta. Sa-ba. Na-ne. Ti-sa. Ku-mi. Mmesikia? Yote kumi makofi mawili mawili, hata nne, ile n ya mwanzo inasimama yenyewe na ndo inayobeba mkazo. Haya Kiingereza. One, two, three, four, five, six, kofi moja moja. Seven mawili, huyo peke yake. Eight, nine, ten, tumerudi kwenye moja. Herufi zao 26 nazo, kuanzia A mpaka Z, kila moja inaitwa kwa kofi moja isipokuwa W. Na mwili wa mtu: head, hair, eye, ear, nose, mouth, tongue, neck, chest, back, arm, hand, leg, knee, foot. Ukitoka utosini mpaka unyayoni unapiga kofi moja moja karibu njia nzima, wanaozidi ni wachache kama shoulder na finger. Halafu geukeni mtazame bahari yetu. Sea, sand, tide, wave, wind, boat, sail, mast, rope, net, fish. Mvuvi wa hapa akitaka kumsimulia mgeni kazi yake toka alfajiri anaposukuma chombo mpaka samaki wanapigwa mnada, maneno karibu yote atakayoyahitaji yako hapo.

Na siyo kwamba imetokea tu. Kulikuwa na msomi Mmarekani anaitwa George Kingsley Zipf, mwaka 1935 aliandika kuhusu jambo hili, kwamba neno kadiri linavyotumika sana ndivyo linavyoelekea kuwa fupi. Mi naona ni kama kisu cha jikoni, kile kinachonolewa kila siku ndo kinachokwisha. Na kwetu ni hivyohivyo jamani. Kiswahili kinapenda maneno yenye mkia, lakini vitenzi vya uhai wenyewe vitazameni: la, nywa, fa, ja, wa, pa. Waingereza nao: eat, drink, die, come, be, give. Mambo yaleyale sita, na kwao pia kofi moja moja! Tofauti ni kwamba Kiswahili hakipendi silabi moja isimame peke yake ibebe mkazo, ndo maana tunaishikiza na ku, tunasema anakula siyo anala, amekuja siyo ameja, wakati anasoma haihitaji ku yoyote.

Nataka tulitazame neno moja kwa karibu. Nitakupa. Ni-ta-ku-pa, makofi manne. Ni ndo mimi, ta ni wakati ujao, ku ni wewe, pa ndo kitendo. Sasa kwa Kiingereza, I will give you. Makofi manne! Na kila kofi lina kazi ileile, I, will, give, you, hayo mawili ya mwisho tu yamepishana nafasi. Kwa hiyo mtu asije akakwambia Mswahili hajazoea silabi moja, tunazo tele, kila tukifungua mdomo tunazimwaga, ila sisi tunazigandisha zinakuwa neno moja na Mwingereza anaziacha zimesimama mbalimbali kama watu kwenye foleni. Siku nilipoligundua hili nilikuwa nafua, niliacha beseni na povu mkononi nikaenda kuandika ukutani kwa mkaa nisije nikasahau, na maandishi yapo mpaka leo nyuma ya jiko. Mtoto akianza kwangu siku ya kwanza simpi daftari, nampa hayo makofi manne kwanza, akiyashika hofu inamtoka nusu.

Halafu Kiingereza chenyewe hakikuzaliwa kifupi hivi. Miaka 1000 iliyopita jina waliliita nama. Mwezi waliuita mona, jua sunne, na pendo lufu. Na-ma, mo-na, lu-fu, sikilizeni vizuri, si kama watu wa pwani hao? Baadaye ile mikia ikaanza kufifia, a na u za mwisho zikawa kasauti hafifu wakawa wanakaandika e, na mshairi wao Chaucer aliyefariki mwaka 1400 kwenye beti zake hako kasauti bado kanahesabiwa, baada yake kakanyamaza kabisa. Nama ikabaki name, kofi moja. Lufu ikabaki love.

Lakini e bado imeandikwa, si ndiyo? Nendeni Kaole pale kwenye magofu, kuna yale makaburi yenye nguzo, mwenyewe hayupo karne na karne ila nguzo imesimama inakwambia hapa yupo mtu. E ya name ndo nguzo hiyo. Na haikukaa bure, inakuonyesha irabu iliyotangulia uitamke vipi, hat ni kofia na hate ni chuki, hop ni kuruka kwa mguu mmoja na hope ni tumaini. Mtoto akisoma name akasema na-me, msimcheke tafadhali. Anasoma kama Kiswahili kinavyosomwa, na anasoma kitu ambacho wenyewe walikitamka zamani. (Na kwa nyie mnaopeleka wageni Kaole: wall, stone, tomb, well, mosque. Hayo matano umeshamweleza sehemu kubwa ya anachokiona, na tomb ile b haitamkwi, ni tuum.)

Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa wakawatawala Waingereza, na maneno ya mabwana yakakaa juu ya maneno ya wakulima. Ng'ombe zizini akabaki cow, akifika mezani kwa bwana anaitwa beef. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe mpaka kwenye sahani ya pilau. Sisemi kila fupi ni la kwao la asili, hapana, hiyo beef ni kofi moja na imetoka Ufaransa, na chair na face na joy vilevile. Ila mkikutana na jozi kama help na assist, buy na purchase, ask na enquire, lile fupi ndo la nyumbani na lile refu liliingia na wenye vyeo, na mpaka leo bado linanukia ofisi, mtu akikwambia purchase unahisi kama amevaa tai.

Sasa hapa ndo naumia. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia fomu wani kila kitu Kiingereza, wiki za mwanzo tu anakutana na photosynthesis, anakutana na administration, anayakariri usiku na kibatari kwa sababu mtihani unayataka, na miaka minne kazi ni hiyo, kujaza maneno ya makofi manne matano. Anamaliza anaweza kuandika industrialization bila kukosea herufi hata moja, halafu mgeni anamuuliza "is it far?", ni mbali?, anabaki anamwangalia. Hawa watoto mi nakaa nao kila jioni, wana akili na wana bidii, wengine wanatoka kubeba mizigo ndo wanakuja darasani. Tumewapa dari kabla ya ukuta. Halafu anayeongea kwa maneno mafupi akajitahidi akasema "you go, I come" tunamcheka, eti Kiingereza cha ufukweni, na anayecheka yeye mwenyewe hafungui mdomo mwaka mzima.

Msidhani lakini kwamba fupi ni rahisi. Fupi linabeba mizigo mingi kuliko refu. Photosynthesis ina maana moja, ukiijua umemaliza. Neno set, kamusi kubwa ya Oxford toleo la pili la mwaka 1989 ililipa maana 430! Chukueni run. Mtoto anakimbia, he runs. Bomba limeachwa wazi maji yanatoka, the tap runs. Una mafua makamasi yanashuka, your nose runs. Magari ya Dar yanafanya safari kila siku, the bus runs. Mama ana duka lake anaendesha, she runs a shop. Dada yetu mmoja anauza batiki, mgeni kashika kitambaa kizuri kakipenda kauliza "will it run?" na dada akashangaa kitambaa kitakimbiaje, akakaa kimya, mgeni akakiweka chini akaondoka. Alichouliza ni je, kitachuja rangi nikikifua? Jibu lilikuwa hapana, kazi yake haichuji, alikosa mauzo yale kwa neno la herufi tatu.

Na maneno haya yanatembea mawili mawili, hapo ndo penye kazi. Mdogo wangu mmoja yuko hapa ananisikia, kaniruhusu nisimulie. Yeye anakaa na vitu vya wageni wakienda kuogelea. Siku moja akamwambia mama wa watu kwa heshima zote, "don't worry, I will look for your bag." Yule mama akasimama akaanza kuhangaika, kumbe ameambiwa nitautafuta mkoba wako, maana yake umeshapotea! Alitaka kusema look after, nitautunza. Look at ni kutazama, look for kutafuta, look after kutunza, look out ni angalia, hatari. Kitenzi ni kilekile, kinachobadili maana ni kile kijineno cha nyuma.

Watu wanalalamika kwamba hii ni ngumu. Mi nawaambia mbona mnaifanya kila siku. Piga, pigia, pigana, pigisha, pigwa, si kitenzi kimoja mkia unageuka na maana inageuka? Hakuna Mswahili anayekosea kati ya nimempiga na nimempigia. Sasa Kiingereza mkia kilishaukata, nimewaeleza, kwa hiyo kazi ya mkia kimewapa vijineno vya pembeni, up, off, on, out, in, for, by. Muwasikilize kama mnavyousikiliza mkia wa kitenzi chenu. Usikariri look peke yake, kariri look after kama neno moja, kama unavyojua pigia ni neno moja.

Bodaboda nawaomba mshike haya kuanzia kesho: hop on, hold tight, get off, yaani panda, shikilia, shuka. Mwenye chombo, foromali inapogeuka: mind your head, angalia kichwa. Mgeni anashuka kwenye maji: step down, hold my hand. Mama mwenye nyumba ya wageni: come in, sit down, cold or hot? Hayo yote ni kofi moja moja, hesabuni.

Kuna mzee wangu mmoja hapa, namheshimu sana, wiki iliyopita kaniita pembeni kaniambia mwanangu, si utawazoesha watoto Kiingereza cha sokoni halafu waonekane hawajasoma? Nimelichukua kwa uzito hilo na nimelifikiria siku kadhaa. Jibu langu mzee wangu ni hili. Mwaka 1930 Mwingereza anaitwa C. K. Ogden alitoa Kiingereza kilichopunguzwa mpaka maneno 850, kwa ajili ya watu wa mataifa mengine wajifunze haraka, na vitenzi vyote vya Kiingereza akaviacha 18 tu. Come, get, give, go, keep, let, make, put, seem, take, be, do, have, say, see, send, may, will. Pigeni makofi mwone, hakuna hata kimoja kilichozidi moja. Badala ya enter anakwambia go in, badala ya return anakwambia go back, na mtu anaelewa vizuri tu. Huyo hakuwa mtu wa sokoni, alikuwa msomi na alijua anachofanya.

Na tarehe 13 Mei 1940 Churchill, siku chache tu toka awe waziri mkuu, vita imewafikia pabaya, anasimama bungeni kwao anaeleza ana nini cha kuwapa Waingereza. Hakutafuta maneno marefu. Alitaja vitu vinne, blood, toil, tears, sweat. Damu, kazi ya kuvunja mgongo, machozi, jasho. Makofi manne, na ndo maneno watu wanayoyakumbuka mpaka leo. Na Biblia yao ile ya mwaka 1611, mwanzo kabisa Mungu anaposema, let there be light. Kwetu ni iwe nuru. Pigeni. Let-there-be-light. I-we-nu-ru. Manne kwa manne! Hapo mzee wangu alitabasamu, mliokaa mbele mlimwona.

Sasa sauti, na hapa tuwe wavumilivu. Ulimi wetu unataka silabi iishie kwenye irabu. Ndo maana bus kwetu imekuwa basi, box boksi, cake keki, brake breki, shirt shati, goal goli. Keep left, maneno mawili ya kwenye kibao cha barabarani, tumeyaunganisha tukapata kiplefti na tukaipa na wingi wake viplefti, mi hiyo naipenda, ni lugha iko hai inakula na inameng'enya. Tukiongea sisi kwa sisi iendelee hivyohivyo, asije mtu akanirekebishia basi yangu. Ila neno ukimrudishia mwenyewe, mrudishie bila mkia. Siyo hedi, head. Siyo fishi, bigi, boti. Fish. Big. Boat. Ulimi ukifika pale mwisho ugote, uhesabu moja kichwani, ndo uachie. Tulifanya zoezi hili wiki tatu tu na head, hold, hand, na siku ya kwanza darasa zima walikuwa wanaona aibu, siku ya tisa nikasikia mtoto wa miaka kumi na mbili anamrekebisha kaka yake njiani wakirudi nyumbani. Na kuna mabaya zaidi, kuna neno strengths, herufi tisa, irabu moja katikati imezungukwa na konsonanti nane, na bado ni kofi moja. Hilo tutalifikia muhula ujao Mungu akipenda.

Irabu ndo shughuli kubwa zaidi. Sisi tunazo tano. Kiingereza cha Uingereza kile kinachofundishwa kina sauti za irabu kama 20 hivi. Kwa hiyo hat, hut, heart na hurt, yaani kofia, kibanda, moyo na kuumia, zikifika kwetu zote zinakuwa hati. Neno refu ukiteleza sehemu moja linasaidiwa na silabi zake nyingine, useme gavamenti au gavument mtu atakuelewa. Neno fupi halina ndugu, lina irabu moja tu na ukiikosa hiyo umesema neno jingine. Kijana wetu mlinzi alimwambia mgeni I walk at night, mgeni akadhani anatembeatembea usiku, kumbe anamwambia nafanya kazi usiku, work. Na swali mnalopenda kuuliza wageni, where do you live, mkilivuta inakuwa leave, mgeni anadhani unamuuliza anaondoka, na ndo kwanza amefika. Live fupi, leave ivuteni. Full fupi, fool ivuteni, na hiyo mtu akikukosea ni tusi.

La mwisho kwenye hili ni adabu, maana sisi ni watu wa adabu na sitaki mtu aipoteze kwa sababu ya lugha. Kiswahili ukisema naomba maji umeshakuwa na heshima. Kiingereza ukisema give me water, au ukamwambia mgeni sit, come, pay, hivyohivyo kavu, ni amri, sit peke yake ndo wanavyoambiwa mbwa. Dawa yake nayo ni fupi, please. Sit here, please. Au can I have. Na pole yetu jamani, hiyo haina neno. Mgeni akijikwaa sisi tunasema sorry, anatushangaa anasema siyo kosa lako. Mi nimeacha kubishana, namwambia hapa kwetu tuna pole, namfundisha aseme pole, na wanaipenda na wanaondoka nayo.

Namalizia na mama yetu aliyekaa pale kwenye mkeka wa buluu, anayekaanga samaki miaka mingi mi nikiwa bado nasoma. Hakwenda sekondari. Juzi nilikaa kwenye benchi lake nikanunua changu mmoja na nikawa nasikiliza tu, wakaja wageni watatu. Akawaambia "come, sit, fish is fresh." Wakauliza bei akasema bila kuhesabu vidole. Akaweka sahani, "wait, hot." Akamwona mtoto wao anataka kuanza kula, akamshika mkono taratibu akamwambia mama yake, "bones, look," akamchambulia mwenyewe miiba ikaisha. Walipomaliza akasema "thanks, come back." Niliyaandika kwenye kiganja, ukiacha bei na come ukiihesabu mara moja ni maneno kumi na moja, yote ya pumzi moja, na yameisha yote bila mkia, hot yake ni hot na fish yake ni fish, kayasikia kwa sikio lake mwenyewe hakuna aliyemfundisha. Nikamuuliza mama, bones umeitoa wapi, akasema kuna mtoto wa mgeni alikwamwa na mwiba zamani sana, akaona hilo neno lazima alijue.

Shikamoo mama. Nimemwomba na amekubali. Jumanne saa kumi na moja jioni muhula mpya unaanza na somo la kwanza anafundisha yeye, hapohapo kwenye jiko lake siyo darasani, kwa hiyo njooni na daftari, na kila mtu aje na hela ya samaki.